Kocha anasema Braddock alipanda ulingoni na mkono uliovunjika. Na mimi nipande?

«Shikamoo daktari. Nina miaka 24, ni bondia wa ngumi za kulipwa, uzito wa kati, nafanya mazoezi Temeke. Mchana nabeba mizigo sokoni. Wiki saba zilizopita nilivunjika mkono wa kulia kwenye sparingi, mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha mwisho. Nilifungwa hogo wiki nne, nikalitoa mwenyewe, sijarudi hospitali. Pameota kinundu kigumu. Nikikunja ngumi panauma kwa mbali, na kidole cha mwisho kinalala juu ya kidole cha pete. Nimepewa pambano la raundi nane baada ya wiki tatu, na hela yake ni ya maana kwangu kwa sababu mke wangu anakaribia kujifungua. Kocha ananiambia nisiogope: James Braddock alivunjika mkono huohuo, akawa kuli bandarini, akarudi na mkono mbovu akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Anasema mfupa uliovunjika ukiunga unakuwa chuma. Ni kweli? Nipande?»

Marahaba, mdogo wangu. Usipande. Hicho kidole kinacholala juu ya mwenzake kinanitosha kukujibu hata kabla sijauona mkono wako, na nitakueleza sababu.

Ila sitaki kukuachia jibu la neno moja. Kocha wako hajakudanganya kwa nia mbaya. Amekusimulia mwanzo na mwisho wa maisha ya Braddock, akaruka katikati. Mimi nimekaa pembeni ya ulingo miaka mingi nikiwashona mabondia nyusi na kuwakagua mikono, na hadithi ya Braddock nimeisikia kwenye kila gym niliyoingia, mara zote ikiwa imekatwa hapohapo. Kwa hiyo niruhusu niirudishe katikati yake.

James Braddock alizaliwa New York tarehe 7 Juni 1905, kwa wazazi wahamiaji wenye asili ya Ireland, akakulia ng'ambo ya mto Hudson, upande wa New Jersey. Jina lake la katikati lilikuwa Walter. Ile J. unayoiona kwenye mabango iliwekwa ili asikike kama mabingwa wa zamani, James J. Corbett na James J. Jeffries. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1926 akiwa mrefu na mwembamba, akipigana uzito ulio chini kidogo ya uzito wa juu, na silaha yake ilikuwa moja tu: mkono wa kulia. Novemba 1928 aliutumia kummaliza Tuffy Griffiths raundi ya pili pale Madison Square Garden, usiku ambao watu walikuja kumwona Griffiths aking'ara. Tarehe 18 Julai 1929, akiwa na miaka 24, umri wako huuhuu, akapewa nafasi ya kugombea ubingwa dhidi ya Tommy Loughran kwenye uwanja wa Yankee Stadium.

Loughran alikuwa fundi wa miguu na jabu, ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele. Kwa raundi 15 ule mkono wa kulia ulitafuta kichwa ukakuta hewa. Braddock akashindwa kwa pointi. Miezi mitatu baadaye soko la hisa la New York likaporomoka, Marekani ikaingia kwenye Mdororo Mkuu wa Uchumi, na akiba ya Braddock ikayeyuka pamoja na za wenzake. Mwaka 1930 akaoa. Watoto watatu wakafuatana.

Hapa ndipo kocha wako anaporuka. Kuanzia 1929 hadi 1933 Braddock alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na ule mkono wa kulia ulivunjika zaidi ya mara moja. Unajua kwa nini ulirudia kuvunjika? Hakuupumzisha. Mtu mmoja kati ya wanne Marekani hakuwa na kazi kufikia 1933, na bondia asiyepanda ulingoni hali. Alikubali pambano kila lilipopatikana, mengine yakipishana kwa wiki chache tu, dhidi ya yeyote, mji wowote. Kila safari mfupa ulikuwa umeanza kushikana, na kila safari aliupeleka kwenye paji la uso wa mtu mwingine. Tarehe 25 Septemba 1933, pale Mount Vernon, jimbo la New York, alipigana na Abe Feldman, mkono ukavunjika tena, na pambano likatangazwa halina mshindi. Baada ya hapo hakuna promota aliyempigia simu.

Kwa hiyo ni kweli Braddock alipigana na mkono uliovunjika, na matokeo yake yalikuwa hayo: kushindwa na kusahaulika. Ubingwa aliupata baada ya kuacha kufanya hivyo.

Nikueleze sasa kinachotokea ndani ya kiganja. Mfupa ukivunjika, damu inavuja na kuganda kwenye ufa. Ndani ya siku na wiki za mwanzo mwili unajaza pale tishu laini inayofanana na gegedu, halafu taratibu unaipandishia chokaa hadi inakuwa mfupa. Mfupa huo wa mwanzo umesukwa ovyo ovyo. Ni kama fundi anayerundika udongo mwingi kwenye ufa wa ukuta wa tope ili usianguke, akijua atarudi baadaye kuupunguza na kuunyoosha. Kile kinundu kigumu unachokishika ndio huo udongo uliorundikwa. Kikubwa kweli, lakini ukubwa wake usikudanganye. Kazi ya kuunyoosha, yaani mwili kuuvunjavunja mfupa ule wa haraka na kuusuka upya kwa mpangilio unaobeba uzito, huchukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Ukimaliza salama, mfupa unarudi karibu na ulivyokuwa. Hauwi chuma. Na wakati mkono ulikuwa kwenye hogo, mifupa ya jirani na misuli yote ya kiganja imepungua nguvu kwa kukosa kazi. Kwa hiyo leo, wiki ya saba, mkono wako ni dhaifu kuliko siku ile kabla hujaumia.

Mfupa wa kiganja kwa kawaida hushikana vya kutosha kwa kazi ndogo za nyumbani ndani ya wiki nne hadi sita. Kushika kikombe na kupiga ngumi ni vitu viwili tofauti. Bondia mwenye mvunjiko wa aina hiyo ulioungana vizuri, mimi simruhusu kupiga begi zito kabla ya miezi mitatu hivi, na simruhusu pambano hadi picha ya eksirei, nguvu ya kukamata na ukosefu wa maumivu vyote vitatu viseme kitu kimoja.

Wako haujaungana vizuri, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko wiki zako saba. Kunja ngumi taratibu, tazama kucha zako. Vidole vinne vya mkono mzima vikikunjwa huelekea sehemu moja, kuelekea mzizi wa kiganja upande wa dole gumba. Cha kwako kinamparamia mwenzake. Maana yake ni kwamba kipande cha mbele cha mfupa kilijizungusha kabla hakijashikana. Nyuzi chache tu za mzunguko pale kwenye kiganja zinatosha kukipeleka kidole mbali kwenye ncha. Kosa la kupinda kwenda mbele mwili huvumilia, hasa kwenye kidole cha mwisho, lakini kosa la kujizungusha halijirekebishi lenyewe hata ukisubiri miaka. Na ngumi inayofungwa hivyo haitui sawa. Uzito unaishia kwenye kidole kilichokaa upande, na huko ndiko mvunjiko wa pili unakoanzia.

Turudi kwa Braddock.

Majira ya baridi ya 1933 kuingia 1934 alikuwa akisimama asubuhi kwenye magati ya New Jersey pamoja na mamia ya wanaume wengine, akisubiri msimamizi anyooshe kidole: wewe, wewe, na wewe. Siku alizochaguliwa alipakua shehena. Siku nyingine alirudi nyumbani mikono mitupu. Hatimaye alifanya jambo ambalo kwa mtu wa fahari kama yeye lilikuwa zito kuliko ngumi yoyote, akaenda kuomba msaada wa serikali ili watoto wale. Ukitaka kujua Mdororo ulikuwa nini, achana na namba za hisa. Mfikirie mtu aliyegombea ubingwa wa dunia Yankee Stadium, amesimama kwenye foleni ya maskini miaka minne na ushee baadaye.

Lakini tazama kilichotokea kwa mikono yake. Kuanzia Septemba 1933 hadi Juni 1934, karibu miezi tisa, mkono wa kulia haukupiga mtu. Hakuchagua mapumziko hayo, alinyimwa kazi tu, ila mfupa hauulizi sababu. Mara ya kwanza baada ya miaka ulipata muda wa kusukwa upya. Na kwa sababu kulia palikuwa pakiuma, pale bandarini alilazimika kuvuta na kunyanyua kwa kushoto. Mkono ambao zamani ulikuwa wa kupimia umbali tu ukapata misuli na, muhimu zaidi, ukapata akili. Nguvu hukaa kwenye neva pia, katika jinsi ubongo unavyojifunza kuamrisha misuli mingi kwa pamoja. Ndiyo maana ukifanyisha kazi mkono mmoja kwa bidii, hata ule uliopumzika hubaki na sehemu ya nguvu zake. Hili limepimwa na linatumika kwenye tiba ya mazoezi hadi leo.

Tarehe 14 Juni 1934 akapewa nafasi kwa taarifa ya siku mbili tu, kwenye mapambano ya utangulizi, usiku ambao Max Baer alimpokonya Primo Carnera ubingwa. Mpinzani wake alikuwa Corn Griffin, kijana aliyekuwa anaandaliwa kupanda. Braddock akaangushwa raundi ya pili. Akainuka, akammaliza raundi ya tatu. Waliomjua walishangaa kuona kushoto kumekuja kutoka wapi.

Kisha hesabu tarehe zinazofuata, nakuomba uzihesabu kabisa kwa vidole. Novemba 16, 1934, alimshinda John Henry Lewis, aliyewahi kumshinda huko nyuma na ambaye mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa uzito ulio chini kidogo ya uzito wa juu. Machi 22, 1935, alimshinda Art Lasky kwa raundi 15. Juni 13, 1935, akasimama na Baer. Mapambano manne ndani ya mwaka mzima. Miezi mitano, minne, karibu mitatu kati ya moja na lingine. Yule aliyekuwa akikubali kila pambano sasa alikuwa akiacha nafasi kati ya pambano na pambano, na mkono ukakaa.

Kuhusu Baer kuna uongo mwingine unaozunguka, kwamba alikuwa muuaji aliyefurahia kuua. Ni kweli Frankie Campbell alifariki San Francisco Agosti 1930 baada ya kupigana naye. Lakini Baer hakulisahau. Liliendelea kumtesa na aliisaidia familia ya marehemu. Alikuwa mtu wa mizaha na mwenye ngumi ya kulia ya kutisha, basi. Nakutajia Campbell kwa sababu nyingine. Bondia mwenye mkono mmoja hawezi kumrudisha mpinzani nyuma. Wapinzani wakishamjua, wanamfuata na kumpiga bila hofu. Kwa hiyo unaponiuliza kuhusu kiganja, mimi nafikiria pia kichwa chako, raundi ya sita, ukiwa umechoka na huna cha kumzuia nacho mtu. Kiganja kina dawa. Kichwa, mara nyingi, hakina.

Pambano la Baer lilifanyika kwenye Madison Square Garden Bowl, Long Island City, uwanja wa wazi ambako kila bingwa wa uzito wa juu aliyetetea mkanda wake kati ya 1932 na 1935 aliupoteza: Schmeling, Sharkey, Carnera, halafu Baer. Wacheza kamari walimpa Braddock nafasi ya moja kwa kumi hivi. Baer alimzidi uzito kwa zaidi ya pauni kumi, na hakujiandaa kama bingwa. Braddock hakutafuta kumwangusha. Aliweka jabu ya kushoto usoni mwa Baer kwa raundi 15, akazunguka kuikwepa ile kulia, akachukua pointi moja moja kama mtu anayeokota dengu. Majaji wote wakampa. Mwandishi Damon Runyon ndiye anayetajwa kumbatiza jina la «Cinderella Man», kutokana na Cinderella, msichana wa hadithi za kale aliyetoka jikoni akaolewa na mwana wa mfalme, na jina hilo limemganda mpaka leo. Kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba zile fedha za msaada alizochukua kwa ajili ya watoto, alizirudisha.

Kwa hiyo mwambie kocha wako, kwa heshima, kwamba ubingwa ule ulishindwa kwa mkono wa kushoto.

Kuna jingine la kujifunza kwa Braddock, nalo linahusu fedha, maana swali lako nusu yake ni fedha na sitaki kujifanya sikuliona. Braddock alikaa na mkanda miaka miwili bila kuutetea. Alipaswa kupigana na Max Schmeling, lakini yeye na meneja wake Joe Gould waliona fedha kubwa iko kwa Joe Louis, na Gould akafunga mkataba wa kupata asilimia 10 ya faida ya promota Mike Jacobs kwenye mapambano ya ubingwa wa uzito wa juu kwa miaka 10. Tarehe 22 Juni 1937, Comiskey Park, Chicago, Braddock alimwangusha Louis raundi ya kwanza, kisha akapigwa vibaya hadi akalala raundi ya nane. Louis akawa bingwa wa kwanza mweusi wa uzito huo tangu Jack Johnson apoteze mkanda mwaka 1915. Braddock akapigana mara moja tu zaidi, Januari 1938, akamshinda Tommy Farr kwa pointi, akastaafu akiwa na akili timamu. Aliingia jeshini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, akafanya biashara ya vifaa vya meli, akafanya kazi kwenye ujenzi wa daraja la Verrazzano la New York lililofunguliwa 1964, akafariki Novemba 1974 akiwa na miaka 69. Hata hivyo si kila kitu alichofanya ni cha kuiga. Kupanda na Louis katika hali ile kulimgharimu uso wake. Lakini malipo yake yalijadiliwa mezani kabla ya kipigo, na yalikuwa ya miaka. Wewe unaahidiwa malipo ya usiku mmoja.

Wiki hii, kabla ya jambo lolote, nenda hospitali ya mkoa au ya rufaa yenye kliniki ya mifupa. Waambie wazi: kidole kinapanda juu ya mwenzake nikikunja ngumi. Sema hivyohivyo, kwa sababu kwenye picha ya eksirei kujizungusha kwa mfupa kunaweza kupita bila kuonekana. Huonekana kwenye ngumi. Kadiri mfupa unavyozidi kukomaa ndivyo kuurekebisha kunavyozidi kuwa kazi ya upasuaji, na wiki ya saba tayari umechelewa kwa kuvutwa tu. Daktari anaweza kukushauri mfupa ukatwe, ugeuzwe na kufungwa kwa bamba au pini. Nitakuwa mkweli, upasuaji huo una hasara zake: vidole vinaweza kukakamaa, kano zinaweza kushikana na bamba, na utahitaji miezi ya mazoezi ya viungo. Kuna watu wenye mzunguko mdogo wanaoamua kuishi nao, wakabeba mizigo na kulea watoto bila shida. Mtu anayepata mkate kwa kukunja ngumi, mimi ningemwambia afikirie upasuaji kwa uzito. Uamuzi uwe wako na daktari aliyeushika mkono huo.

Usipeleke mkono kuchuliwa wala kukandwa kwa nguvu, hata kwa mzee anayeheshimika mtaani. Usikubali sindano ya ganzi kabla ya pambano, awaye yeyote atakayekuletea. Maumivu ndiyo askari pekee aliyebaki anaulinda mkono huo. Pakivimba, pakawa pekundu na moto, ukapata homa, au kidole kikafa ganzi au kubadilika rangi, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na ukiwa pale, bonyeza kishimo kilicho chini ya dole gumba, upande wa mgongo wa mkono. Kikiuma, waombe waangalie mfupa mdogo wa kifundo pia. Huwa unavunjika kimyakimya, damu yake ni haba, na mabondia huupuuza.

Promota mwambie mapema, leo kama unaweza, na mpe sababu na karatasi ya daktari. Inawezekana atakasirika na kumpa mtu mwingine nafasi, hilo siwezi kukuficha. Lakini promota aliyeambiwa wiki tatu kabla hupata mbadala, na hukumbuka aliyemwambia ukweli. Aliyeletewa bondia aliyevunjika raundi ya pili hukumbuka pia. Muulize kama kuna kazi pembeni ya ulingo usiku huo, kufunga bandeji, kushika pedi, chochote chenye malipo. Sokoni, kwa sasa usibebe kwa mkono wa kulia.

Na gym usiache. Kimbia, ruka kamba, fanya kazi ya miguu ambayo Loughran aliitumia kumtesa Braddock. Mkono wa kushoto upe saa nzima kila siku: jabu, jabu mbili, ngumi ya kupinda ya kushoto tumboni, peke yake, mbele ya kioo, kisha kwenye pedi. Kocha wako ataipenda hii, naye ndiye mwenye kazi ya kukusimamia. Mwoneshe barua hii.

Ukienda hospitali chukua ile picha ya kwanza ya eksirei, ya siku ulipoumia. Kama imebaki kule walikokufunga hogo, pitia uichukue kwanza, daktari ataihitaji kulinganisha. Mkeo msalimie, na akijifungua salama niandikie.